Uzi Uliovuma Wenyewe

Alikuwapo Panya aliyependa kujaribu sauti. Alikuwa na zeze la nyuzi mbili, na kutwa nzima shimoni alikaza huu na kulegeza ule, akitafuta mahali zinapopatana.

"Baba watoto, kelele zako zitatuletea balaa," mkewe alisema.

"Siku zikipatana utacheza mwenyewe."

Asubuhi moja aliukaza uzi mnene kidogo, akauacha. Ukavuma bila kuguswa. Papo hapo mtu akabisha.

"Hodi wenyewe! Ni jirani yenu Sungura, nimeleta karanga."

Hodi haikataliwi. Mke alifumbua kinywa aitikie karibu, Panya akakiziba. Aliulegeza uzi, ukanyamaza. Akaukaza palepale, ukavuma tena. Panya akaelewa. Huko nje kulikuwa na kifua kilichotoa sauti ileile, ya chini mno isiyosikika kwa masikio, na Sungura hakoromi.

"Bwana Paka," alisema, "karanga kula mwenyewe."

"Umenijuaje?"

Panya akavimba kichwa. "Unakoroma kwa furaha hata hujala. Uzi wangu unakuitikia."

Watoto wakacheka. Mke naye akacheka: "Kumbe tuna bawabu!"

"Ahsante, fundi," Paka alijibu. "Sikulijua hilo."

Uzi ukanyamaza.

"Ameondoka," mke alisema.

Uzi ulipovuma, Panya alijua Paka yuko mlangoni. Sasa hakujua yuko wapi. Aliwasogeza watoto nyuma yake, na wote wakabaki wakiutazama uzi, wakiuomba uvume.