Linux Imekataa Picha

Mzee Rwegoshora alivaa koti la kanisani, akaketi mbele ya kompyuta mgonjwa, akasubiri ipone.

Miguuni pake alipiga magoti Ukasha, fundi wa simu na kompyuta kutoka Nkwenda, jasho likimtoka kama aliyepewa shamba zima alime peke yake. Asubuhi alimwambia bodaboda amsubiri palepale njiani, kazi ni ya dakika mbili. Bodaboda alisubiri, akasinzia, akaamka, akaondoka zake.

Kosa lilikuwa la Ukasha mwenyewe. Kompyuta ilitumwa na Ambrose, mtoto wa mzee aliyeko Dodoma, ikiwa na Windows nzito inayotembea kama ng'ombe mwenye mimba. Ukasha akaiondoa, akaweka Linux. "Nyepesi, haina virusi, haina bei," alijitapa. Alisahau kusema kwamba ina dharau. Ilikataa kuitambua kadi ya Wi-Fi, ikabidi Ukasha achomeke simu yake kwa waya ili intaneti ipite humo. Ikakataa spika. Akaibembeleza spika, ikaimba. Kamera nayo ikanuna. Kila alipotibu hapa, palivimba pale.

"Imewaka?" mzee aliuliza.

Kioo kilikuwa kinang'aa muda wote, kimemmulika mpaka ndevu. Ukasha akaona anachokozwa.

"Imewaka, mzee, ila haijaamka."

"Basi iamshe. Mimi naihitaji leo, si siku ya kiama."

Aliihitaji kweli. Watu wa gulioni walimpigia Ambrose, wakamwambia baba yake siku hizi anapishana na jirani njiani bila hata kumpungia mkono, pengine kichwa kimeanza kuchoka. Ambrose akaapa: leo atamwangalia mzee uso kwa uso. Akiona hayuko sawa, Jumapili anakuja kumchukua, kibanja chake cha migomba apewe mtu mwingine akilime. Kwa simu ya mkononi mzee alishakataa mara nyingi. "Kadude kadogo hivyo, sura ya mtu inakuwa kama punje ya kahawa," alikuwa akisema, na ndiyo maana mtoto akatuma kioo kikubwa.

"Nikafanye nini Dodoma?" mzee alimwambia Ukasha. "Hapa naujua kila mgomba ulipo. Kule nitakuwa mzigo wa kuhamishwa kiti hiki na kile. Usiniangushe, kijana."

Adelgunda, mpwa wake anayempikia, alileta uji. Alikiweka kikombe kwenye kiganja cha mjomba wake, akamkunja vidole kimoja baada ya kingine hadi vikakishika. Ukasha, ambaye ukoo wa mama yake ni wa Tanga, alivutiwa. Wanyambo wa huku wana heshima, bwana! Hata asubuhi alipomnyooshea mzee mkono, ulining'inia hewani mpaka alipotamka shikamoo. Akajifunza: hapa kijijini Mabira ni mdomo kwanza, mkono baadaye.

Hatimaye kamera ikakubali. Kwenye kona ya kioo akatokea mzee, mdogo lakini kamili, kola na yote. Ukasha akapiga Dodoma.

"Haloo? Ngojeni kidogo..."

Sauti ya Ambrose ilitoka safi. Lakini sehemu kubwa ya kioo, palipotakiwa kukaa sura yake, palikuwa peusi kama tako la sufuria.

Ukasha akakata haraka. "Mtandao," alisema, neno la mafundi wote duniani. Moyoni alijua ni Linux: sasa imekataa picha. Akabadilisha hiki, akafuta kile, akazima, akawasha. Akasoma Bismillahi. Akapiga tena.

Peusi.

Hakuwa na kingine cha kujaribu. Aliinua kidole akate na akiri kushindwa, mzee aende Dodoma, yeye aende akauze vocha. Sauti ikamtangulia.

"Shikamoo, baba."

Mzee akashtuka kwa furaha. Akanyoosha kola, akainua kidevu, akatabasamu. "Marahaba, mwanangu! Mimi huyu hapa, mzima kama unavyoniona."

"Nakuona, baba. Umependeza." Sauti ya Ambrose ililainika. "Kumbe watu waongo! Mbona uko sawa kabisa?"

Ukasha akapumua. Picha ya Dodoma haikuja, lakini ya Mabira ilifika, na hiyo ndiyo iliyokuwa inatafutwa.

Adelgunda akamgusa mzee begani. "Inatosha, mjomba," alinong'ona. "Agana naye."

"Niagane naye nini, na ndiyo kwanza tumeonana?" Mzee alikuwa amenogewa. "Ambrose! Umenenepa, bwana! Mkeo anakulisha. Na hilo shati limekukaa, utadhani mbunge!"

Ukasha akageukia kioo upesi, akidhani Linux imemhurumia. Peusi vilevile.



"Baba," Ambrose alisema taratibu, "kamera yangu sijaiwasha. Shati lenyewe ndiyo kwanza nalitafuta."