Kuku wa Posa

"Mama, acha kupepea moto!"

Mama alificha kadibodi mgongoni kama mwizi aliyefumaniwa. Alikuwa fundi cherehani hodari, lakini mbele ya jiko mikono yake ilikosa subira.

"Wageni wameshafika njia panda," alijitetea. "Sasa nifanye nini, niwaimbie?"

"Waimbie. Nyama haikimbizwi."

Binti alikuwa na sababu ya kuwa mkali. Mara ya mwisho Mama alipochinja kuku wake wa bandani, alimnyonyoa na kumtumbukiza sufuriani hata mwili haujapoa, moto ukinguruma chini. Nyama ikakaza ikawa raba. Kaka yake Mama alitafuna hadi masikio yakacheza, kisha akauliza kwa upole kama marehemu alikuwa mwanajeshi. Ukoo unacheka hadi leo.

Safari hii binti alishika usukani mwenyewe. Kuku walichinjwa jana, wangali vijana, wakalala kwenye friji wamefunikwa hadi viungo vikalegea. Leo wakaingia sufuriani na vitunguu, tangawizi na maji kidogo tu. Mfuniko ukabanwa, makaa yakapunguzwa, na harufu ikaanza kutembea nyumba nzima bila haraka.

"Wakishindwa kutafuna je?" Mama alinong'ona. "Posa itawakwama kooni, na aibu itabaki kwetu."

"Posa si mtihani, Mama. Nenda kaoge, umejaa majivu."

Mama akaoga. Akavaa gauni, akalivua, akavaa jingine, akalirudia lile la kwanza. Binti alibaki na kilemba chake cha kazi na jasho puani, wala hakujitazama kwenye kioo.

Hodi ikabishwa.

Waliingia wawili: fundi saa mwenye miwani, ambaye duka lake lilitazamana na kibanda cha Mama cha kushonea, na mwanawe, kijana mrefu aliyevaa shati lililopigwa pasi hadi mikunjo ikakaribia kukata mtu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Kijana alikaa ukingoni mwa kiti, akajifuta kipaji cha uso. Binti akapakua. Mama akajibanza nyuma ya pazia la jikoni, roho mkononi.

Alisikia sahani. Kisha mfupa ukiachana na nyama bila ugomvi.

"Loh!" kijana akasema. "Huyu kuku anayeyuka mdomoni!"

Mzee aliongeza kipande. Akaongeza kingine.

Mama akashusha pumzi hadi pazia likatikisika.

Hatimaye mzee alinawa, akakohoa, akamgusa mwanawe begani. "Haya, sema lililotuleta."

Kijana akasimama.

"Dada, sisi hatuna maneno mengi. Ujirani huu tunataka uwe undugu. Tumekuja kuposa."

"Mnamposa nani?" binti akauliza, uso ameukaza kama hakimu.

"Mama yako. Baba anaona haya kusema mwenyewe."

Binti akageukia pazia.

"Mama, toka huko jikoni! Mchumba wako anamaliza kuku."