Pumzi za Marehemu

"Shemeji, washa TV basi," mgeni alisema, akijiweka sawa mkekani. "Leo ndiyo naanza kusikika kwenye katuni. Marehemu angefurahi sana."

Fusae akawasha. Mbele ya picha ya marehemu mumewe palikuwa na bakuli la wali, vijiti vya kulia vimesimamishwa katikati. Kwao, aliye hai hapewi wali hivyo. Ni wa maiti tu.

Kwenye katuni, mzimu wa mauti ulimwinamia mgonjwa. Aliyeupa sauti ni huyu mgeni, rafiki wa marehemu toka ujana wao. Kabla haujasema neno, mzimu ukavuta pumzi: mluzi mwembamba, kimya, kisha mate yakimezwa kwa shida.

Fusae akaitambua. Pumzi hiyo ya mumewe alilala kando yake mpaka ilipokatika.

"Umeitoa wapi hiyo, shemeji?"

"Si mchezo, eh?" Mgeni akacheka. "Nimeihangaikia! Kitu kama hicho hukipati studio."

Kila jioni mgeni huyu alikuwa akija hospitali kumshika rafiki yake mkono, na Fusae akamwombea heri. Kila jioni simu ya mgeni ililala juu ya mto wa mgonjwa. Kumbe mkono mmoja ulifariji, mwingine ulivuna pumzi.

"Kwanza ule," Fusae alisema.

"Usijisumbue, shemeji."

"Hata kidogo. Wewe ni mtu wetu."

Akapakua wali mpaka ukafanya kilima, akamwekea mbele kwa mikono miwili. Kisha akachukua vijiti vya mgeni, akavichomeka katikati, vikasimama wima.

"Karibu chakula."