Tangi Lisilobebeka

"Sare ya nini? Nijibu!" mumewe alifoka kwenye simu. "Ulionekana kituo cha basi jana asubuhi, umevaa sare nyeupe."

"Nani kaniona?"

"Usiniulize nani. Nakuuliza sare ya nini."

"Wanawake tunafanana, baba watoto. Hasa tukitazamwa kwa nyuma."

"Usinifanye mtoto mdogo. Hebu nionyeshe tangi."

Mke akageuza simu. Kila jioni ilikuwa hivyo. Mume alifanya kazi machimboni, mwendo wa siku nzima, na tangu aondoke hakuwahi kuuliza hali ya mkewe kabla ya kuuliza hali ya tangi. Tangi likionekana, mke yupo. Hesabu yake ilikuwa imeishia hapo.

Tangi hilo la samaki alilinunua mwenyewe. Lilikuwa na urefu wa kitanda cha mtoto, nyuma limebandikwa karatasi ya buluu, ndani maji ya chumvi, mchanga, mawe na matumbawe yaliyofunguka kama viganja. Alilijaza, akalisifia, kisha akasafiri na kumwachia mkewe kazi yote.

"Hilo hata wanaume sita hawaliinui," alipenda kuwaambia wageni. "Litatoka humu siku nyumba itakapobomolewa."

Na mke naye alikuwa hivyo hivyo, hatoki. Harusi ya mdogo wake aliikosa kwa sababu hita ya kupasha maji ya tangi ilikuwa inasumbua. Alipoitwa kazini, kwenye maabara ya hospitali, kazi ile ile aliyoisomea, mume alicheka mpaka akakohoa. "Na tangi utamwachia nani? Matumbawe yakifa hayafufuki. Kaa nyumbani."

"Sogeza karibu na kioo," aliamuru sasa.

Akasogeza. Samaki wawili wekundu wenye mistari myeupe walipita mbele ya simu, bega kwa bega. Binti yao, Kidoti, aliwaita Bwana na Bibi Harusi. Walikuwa waoga kupindukia. Mlango ukigongwa kidogo tu, wote wawili walijichimbia chini ya mawe na hawakutoka mpaka wabembelezwe kwa chakula.

"Chumvi?"

"Iko sawa."

"Maji umeongeza?"

"Nimeongeza. Maji matupu, maana yanayopotea hewani ni maji, chumvi inabaki. Nimeshika somo, mwalimu."

"Usije ukayachafua tena kama mwezi uliopita. Yalikuwa kama uji."

"Mchanga ulitibuka. Nilishaomba radhi."

"Ulikuwa unakoroga kwa mwiko?"

Akafuta kioo cha tangi kwa kanga.

"Mbona siku hizi simsikii yule mbwa wa jirani?" mume aliuliza.

"Hata mimi simsikii. Tunalala vizuri."

Kidoti alitoka chumbani na daftari mkononi, akasikia sauti ya baba yake, akasimama. Mama akaweka kidole mdomoni, kisha akaonyesha kwa kidevu nyuma ya mlango. Kwenye msumari ilining'inia sare nyeupe, bado na unyevunyevu wa kufuliwa. Mtoto akaiangua haraka, halafu akabaki nayo kifuani, hajui aifiche wapi.

Simu ilileta mchakacho wa kokoto.

"Mbona unahema? Uko wapi?" mke aliuliza.

"Natembea."

"Jioni hii, kambini?"

Mume akacheka. Hakikuwa kile kicheko cha kukohoa. "Mama watoto, mimi si mjinga. Nimesikia habari ya sare, nikaomba ruhusa, nikapanda gari bila kumwambia mtu. Sasa hivi tu umenionyesha tangi, kwa hiyo upo ndani, na sare ipo ndani. Niko mlangoni. Fungua."

Nyuma ya sauti yake mbwa akaanza kubweka.

Mama akashika ukingo wa meza. Nyumba ilikuwa na mlango mmoja, na madirisha yalikuwa na vyuma.

"Mama," Kidoti alinong'ona. Alikuwa ameifinyanga sare mpaka imekuwa kama kitambaa cha kupigia deki.

"Kesho hutoki," mume aliendelea. "Wala keshokutwa. Huko ulikoajiriwa nitakwenda mwenyewe kuwaeleza kwamba mke wangu ana kazi nyumbani. Unanisikia? Fungua!"

Ngo! Ngo! Ngo!

Kidoti akafumba macho. Mama akageuza uso kulitazama tangi. Bwana Harusi alikuwa anadonoa kitu kwenye kioo. Bibi Harusi alizunguka juu ya matumbawe polepole, kama mtu aliyemaliza kazi zake za siku.

Akawatazama kwa muda mrefu kidogo. Kisha akaichukua sare mikononi mwa binti yake, akaikung'uta mara moja, akainyoosha mabega, akairudisha kwenye msumari wake.

Ngo! Ngo! Safari hii kwa ngumi.

"Unafanya nini humo ndani? Nimesema fungua!"

"Ufunguo uko kwa jirani," alisema. "Tulimwachia mwezi uliopita, siku tuliyohama."

Akakata simu.