Inayomtosha Leo

“Mwenzangu, viatu hivi umemnunulia mwanao au babu yake?” jirani aliwahi kumuuliza mshona nguo, maana kila kitu alimnunulia bintiye kikubwa, ili akue nacho.

Dukani, muuza fidla alimpima binti mkono, kuanzia shingoni hadi kiganjani. “Hii ndogo inamtosha. Ila chukua kubwa, mama. Mwakani atakuwa ameifikia.”

Mama alikumbuka neno la daktari, aliloambiwa peke yake: binti hataumaliza mwaka. Akamwomba Mungu nguvu ya kutabasamu.

“Tupe ndogo.”

Binti akavitazama viatu vyake, vilivyojazwa vitambaa mbele. “Mama, umesema ndogo?”

“Ndiyo, mwanangu. Si inakutosha?”

Binti akaulaza upinde wa fidla juu ya kaunta, taratibu, akatoka nje.