Nyanya za Mama Semeni

Siku hizo Tume ya Mipango Miji ilimwaga tope la vyoo lililokaushwa kwenye kila ua. Kiwanja kikiotesha nyanya ndani ya siku saba, kinageuzwa shamba na wenyewe wanahamishwa. Kwa kuogopa mbegu zinazopita tumboni hadi chooni, Mama Semeni hakupika nyanya mwezi mzima. Siku ya saba miche ilikuwa imefika dirishani, imesheheni matunda mekundu, hata afisa wa tume aliyekuja kukagua akavua kofia.

“Jamani, sisi hatujala nyanya, baba!” Mama Semeni akamwambia.

“Mama, tope hili ni la mji mzima.”

Mama Semeni aliwaza pa kuwapeleka watoto, lakini macho yalikataa kubanduka kwenye uzuri ule. Semeni akaita kutoka ndani: “Mama, njoo uone! Mche mwingine umepasua sakafu chini ya kitanda changu.”