Ukurasa wa Nne

Gazeti la zamani lilisema kwamba jina la msimamizi aliyewafungia wafanyakazi mlango kiwanda kikiwaka moto lilikuwa ukurasa wa nne. Nakijwa, aliyetafuta habari hizo kwa ajili ya tasnifu yake ya chuo, akafunua haraka. Ukurasa wa nne ulikuwa umekatwa kwa wembe.

“Saini hapa, mwanangu, uandike na hali ya jalada la magazeti,” alisema mkutubi, akimsogezea daftari la wasomaji wa jalada hilo. “Ukiacha wazi, lawama ni yako.”

Juu ya mstari wake palikuwa na jina moja tu, kwa mwandiko uliosaini ripoti zake zote za shule. Baba yake alikuwa ameandika: “Kamili.”

“Limekamilika?” aliuliza mkutubi.

Kalamu ya Nakijwa ilisimama karatasini, doa la wino likatanuka chini ya jina la baba yake.